Chanya kwenye Bodi

Miaka ishirini na sita nimekuwa fundi umeme wa magari, na sijawahi kuunguza gari la mteja. Nililounguza ni la baba yangu mzazi.

Lilikuwa limelala bandani miaka tisa, tangu tulipomzika mama. Baba alilifunika turubai siku ile ile na hakuna aliyethubutu kuligusa. Mwezi uliopita daktari alimrudisha nyumbani, akasema hana tena la kufanya. Baba akaniita kitandani.

"Litengeneze. Tulipanda lile siku ya harusi yetu. Nataka kwenda kaburini kwa mama yako nikiwa nimekaa. Kupelekwa nimelala, hiyo siku yake inakuja."

"Jumamosi, Baba," nikamwahidi.

Nikamwaga petroli iliyooza, nikafungua dainamo inayochaji betri, nikabadilisha brashi zake na kuisugua shaba yake kwa msasa mwembamba. Nikanunua betri mpya. Dada yangu, anayemuuguza, akachungulia bandani.

"Baba anasema ukamuulize kabla hujafunga betri."

"Nimuulize nini? Mwambie hii ndiyo kazi inayonilisha."

"Kuuliza si ujinga, kaka."

Nikafunga upande hasi wa betri kwenye bodi ya gari, kama ninavyofunga kila siku, bila hata kufikiri. Injini ikawaka. Nilipokanyaga mafuta, dainamo ikafuka moshi, na banda likajaa harufu ya nyaya zilizoungua. Lile ni gari la zama zile. Kwake chanya ndiyo huenda kwenye bodi. Hata mwanafunzi wangu analijua hilo. Kiburi ndicho kilichonipofusha, sina wa kumsingizia.

Fundi wa kusuka upya koili za dainamo akataka siku sita. Kila alasiri Baba aliuliza, "Bado?" na kila alasiri sauti ilikuwa imepungua. Siku ya tatu nikamwambia ukweli. Akageukia ukutani. Bora angenitukana.

Siku ya saba, dainamo ikiwa imerudi mahali pake na chanya ikiwa kwenye bodi, nilikwenda kumuuliza kabla sijawasha. Akaninong'oneza: waya mwembamba wa dainamo uguse betri mara moja tu, cheche itoke, ili dainamo ijue chanya iko wapi, ndipo uwashe. Nikafanya hivyo. Injini ikanguruma, taa nyekundu ya chaji ikazimika. Nikakimbilia ndani kumchukua.

Dada yangu alikuwa amepiga magoti nyuma yake, anajaribu kumkalisha. Kila alipolegeza mikono, Baba aliangukia ubavu. Alijaribu mara tatu. "Mwache," nikasema, nikalia mbele yao wote wawili.

Kisha nikalisogeza gari hadi chini ya dirisha lake, nikaliacha likinguruma, nikarudi kitandani. Alikuwa anasikiliza, macho ameyafumba.

"Linachaji?"

"Linachaji, Baba."

"Basi nenda wewe. Mwambie mama yako nakuja." Akatafuta pumzi, akaipata. "Na umwambie nani kanichelewesha."