Bangili ya Ishirini na Moja

"Sista, mke wangu tumbo limekuwa gumu kama ngoma, halafu unaniambia nisubiri?"

"Kaka, punguza sauti. Hii wodi, siyo gereji."

"Na huyo je? Kidude chake kikilia tu, mnakuja mbio!"

Fundi magari, bado yuko na ovaroli ya kazini, alikuwa anamnyooshea kidole Mama Pacha wa kitanda cha jirani. Yeye na mke wa fundi wote walijifungua jana kwa kupasuliwa. Ila Mama Pacha alivalishwa bangili ya mradi wa utafiti, ile inayosoma presha na mapigo yenyewe, mambo yakiharibika inapiga kelele. Zililetwa ishirini. Mke wa fundi alikuwa wa ishirini na moja.

Tangu asubuhi fundi anaikodolea macho ile bangili. Mama Pacha kawagawia uji, kampa mke wa fundi na shuka, lakini wapi, wivu unamsonga fundi tu. Kuna wakati alitamani huyo mama azidiwe kidogo, angalau bangili iwe na kazi. Akaona aibu. Dakika mbili nyingi, akatamani tena.

"Mkeo nimempima, yuko sawa," nesi akasema. "Si uangalie chati?"

Fundi akaichomoa kitandani. Saa sita, sawa. Saa nane, sawa. Saa kumi, sawa.

"Sista, sasa hivi saa ngapi?"

Nesi akatazama ukutani. Saa nane na robo.

"Wagonjwa arobaini na mbili, niko peke yangu, mashine ya presha moja na yenyewe inavuja upepo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Shemeji." Mama Pacha alishaivua bangili. "Mvalishe. Fanya haraka."

"Usithubutu!" nesi akadakia. "Utaharibu hesabu za mradi!"

Fundi akamvalisha. Mkono wa mkewe ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Bangili ikakaa kimya kidogo, halafu ikaanza kulia, ikagoma kunyamaza.

Nesi akafunua shuka, akaona damu. "Machela! Leteni machela!"

Kabla machela haijavuka mlango kwenda thieta, nesi alishaivua bangili, kairudisha kwa Mama Pacha.

Nesi akanyoosha mkono. "Kaka, naomba hiyo chati. Niirekebishe."

Fundi akaikunja mara mbili, akaisokomeza kwenye mfuko wa ovaroli.

"Hapa umeandika saa kumi atakuwa mzima. Nakwenda kukaa mlango wa thieta, naisubiri hiyo saa kumi yako."

Akatoka, akafunga mlango.