Mstari wa Manjano

Mimi nikikasirika siwezi kukaa. Siku Maryam aliponiambia hatachukua tena sweta zangu za shule, nilitoka dukani kwake mjini nikatembea kwa miguu hadi nyumbani Yamumbi, nikiongea peke yangu barabarani.

"Mama Githinji, usinichukie," alikuwa ameniambia. "Za China zinakuja na kontena, na wazazi wanauliza hizo tu."

Nisimchukie, sawa. Lakini kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilimalizwa na hizo hizo kontena. Kilipofungwa nilinunua mashine zake mbili za kufuma, nikamwajiri Chepkoech, tukaanza upya nyumbani kwangu. Sasa zimenifuata hadi hapa? Nikasema mara hii sifungi.

Nikaenda kwa Mwalimu Jeconia, mkuu wa shule yetu. Nikamwambia sweta za watoto wake zinafanana na za kila shule, heri aongeze mstari wa manjano mwisho wa mikono. Hayo maneno aliyapenda sana. Akatangaza kwamba shule ikifunguliwa, asiye na mstari haingii. Na za Maryam hazina mstari. Nilicheka hadi nikakohoa.

Siku ya kufungua, sweta zimejaa kwa rafu na mimi situlii. Natoka mlangoni, narudi, natoka tena. Chepkoech alichelewa. Alipofika alikuwa amemshika mkono msichana wake mdogo, aliyerudishwa getini. Sweta yake mpya kabisa, haina mstari.

"Umetoa wapi hii?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kwa Maryam."

"Wewe? Unafuma hapa kutwa, halafu unaenda kununua kwa Maryam?" Sauti ilinitoka mbaya, mtoto akajificha nyuma ya mama yake.

Chepkoech hakupandisha sauti yake. "Mama, zako ni nzuri, si nazifuma mwenyewe? Lakini kwa mshahara unaonipa, za Maryam ndizo naweza."

Niliona aibu, na hasira bado ilikuwa pale pale. Nikavuta sweta moja kwa rafu nikampa. Akairudisha.

"Na wale wengine wamejaa getini, utawapa wote?"

Akamvua mtoto, akaketi, akafumua mwisho wa mikono ya ile sweta ya China. Halafu akaipachika kwa sindano za mashine yetu, akachukua uzi wa manjano, akaniangalia.

"Nifume?"

Nje wazazi walikuwa wameanza kufika, kila mmoja na sweta ya Maryam mkononi, wakiuliza kama tunaweza kuweka mstari peke yake. Nilitaka kuwafukuza. Badala yake nikavuta kiti, nikakaa kwa mashine ya pili.

"Fuma," nikamwambia.

Hadi jioni hatukuuza sweta hata moja. Tulifuma mistari tu.