Shule Ilipopendeza

Geti la sekondari ya mtaani lilipong'oka na kulala chini, mlinzi alikuwa amekwenda kujisaidia, na tangu siku hiyo hakuacha kuwaambia watu kwamba haja ndogo ilimwepusha na msiba mkubwa. Yeye alipona. Geti ndilo lililohitaji tabibu, na mkuu wa shule akatuma mtu amwite Cheche.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana nyuma ya soko. Jina hilo alilipatia katika shule hiyohiyo, alipokuwa kidato cha pili, siku alipounganisha nyaya mbili katika chumba cha fizikia kwa kutaka tu kujua kitakachotokea. Shule nzima ilikosa umeme mpaka kesho yake. Mwalimu alimchapa, wenzake wakambatiza, na jina la wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

Alilisimamisha geti kabla jua halijawa kali. Alipokuwa akitafuta maji ya kunawa, alizunguka nyuma ya jiko la shule na kukuta mlima wa madawati: miguu imekatika, mbao zimeoza, vyuma vimeota kutu na majani yamepenya katikati. Akachungulia dirishani katika darasa la kidato cha kwanza. Watoto walikuwa wamekaa kwenye matofali, daftari mapajani, migongo imepinda kama watu wanaopalilia. Alimuuliza mkuu wa shule, mama mmoja mpole aliyekuwa amehamishiwa pale hivi karibuni. Mkuu alimjibu kwamba ameomba madawati tangu afike, na kila anapoomba hupewa subira, ila subira haikaliwi.

Cheche hakurudi karakana. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa la mwanamke waliyesoma naye, ambaye watu wote walimwita Dada Mkuu. Ndicho cheo alichokuwa nacho shuleni. Shule aliimaliza, lakini cheo hakukimaliza. Hata sasa aliwasimamia wateja wake kama wanafunzi waliochelewa foleni.

"Unaumwa nini?" akamuuliza.

"Siumwi. Natoka shuleni kwetu."

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Ila watoto wanasomea kwenye matofali."

Dada Mkuu akaweka chini chupa aliyokuwa ameishika. Siku hiyo hakuuza dawa nyingi. Alishinda na simu sikioni. Aliwatafuta waliosoma pale, wa miaka yao na wa miaka mingine, na wote aliwapa sharti moja: asiye na mkono wa kusaidia asilete mdomo. Wengi walitoa pole. Wachache wakaja, na hao wachache ndio waliofanya kazi.

Basi kila Jumamosi Cheche alipakia mashine yake ya kuchomelea kwenye mkokoteni na kuipeleka shuleni. Fundi umeme mmoja alirudisha taa madarasani, akimtania Cheche kwamba analipa deni lake la zamani. Muuguzi mmoja alifundisha baiolojia baada ya zamu yake, akisinzia kidogo kati ya swali na jibu. Karani wa benki, mtu wa tai na maneno machache, alifundisha hesabu kwa namna ambayo hata mlinzi alisimama dirishani kusikiliza. Aliyekuwa mbali alituma vitabu, na wazazi wa mtaani walibeba mchanga na maji ya kuziba sakafu. Mlima wa vyuma nyuma ya jiko ukaanza kupungua.

Mke wa Cheche hakufurahi. Wateja walikuwa wakisubiri madirisha yao, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Alimuuliza mumewe kama sifa hupikwa kwa mafuta au huchemshwa tu. Cheche alimjibu kwamba mtoto wao wa mwisho atakaa kwenye madawati hayohayo, na kwamba mtu hasiti kujenga nyumba atakamolala mwanawe. Mkewe akarudi kupepeta mchele. Hilo lilikuwa kweli, na isitoshe kila Jumamosi mtoto mwenyewe alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Binti huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Alikuwa amebakiza miaka miwili kumaliza shule ya msingi, na baba yake alimpa kazi ya ukaguzi. Kila dawati lililochomelewa na kupoa, Kitinda alilikalia, akajitikisa huku na huku, kisha akatoa hukumu. Lililoyumba lilirudi kwa fundi bila huruma. Alishika pia brashi na kupaka rangi madirisha ya kidato cha kwanza, na nyingi alijipaka mwenyewe. Alikwisha chagua mahali pake pa kukaa, pembeni, karibu na dirisha la pili, na aliwaonya mafundi wasipaharibu.

Mwaka wa kwanza matokeo yalipanda kidogo. Mwaka uliofuata yalipanda hata watu wa mtaa mwingine wakaja kuuliza shule ile inakunywa dawa gani. Dada Mkuu alijibu kwamba dawa anayo yeye na haiuzwi. Wazazi waliokuwa wakipeleka watoto shule za kulipia wakaanza kuwarudisha. Jina la shule likasomwa redioni, na Cheche, aliyekuwa akikata nondo, alizima mashine asikie vizuri.

Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, lakini aliye ndani ya ngoma huwa anacheza tu.

Siku ya sherehe walikuja wakubwa kutoka makao makuu ya elimu. Mahema yalisimikwa uwanjani, viti vikapangwa, na Cheche alivaa koti alilooa nalo, ambalo sasa lilikataa kufungwa vifungo. Ofisa mkubwa alipanda jukwaani, mtu mchangamfu mwenye sauti nzuri. Alilisifu geti, madawati na walimu. Akawaomba waliosoma pale wasimame. Cheche akasimama pamoja na wenzake, watu wakapiga vigelegele, na mke wake, aliyeketi nyuma, alijifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Kisha ofisa akasema kwamba kwa kazi hiyo nzuri shule imepewa heshima kubwa. Kuanzia mwakani itakuwa shule teule ya bweni. Itapokea wanafunzi waliopata alama za juu kabisa kutoka pembe zote za nchi. Makofi yakalipuka. Cheche naye alipiga, na mikono yake ilikuwa bado inapiga maneno yalipomfika.

Akamgeukia mkuu wa shule aliyekaa karibu naye. "Na watoto wa hapa?"

"Bila shaka watapangiwa ng'ambo ya barabara kuu," alisema yule mama, bila kuondoa macho jukwaani. "Kuna shule mpya inafunguliwa huko. Haya ya bweni nami nimeyasikia hapahapa, kwenye kipaza sauti, kama wewe."

Wiki iliyofuata Cheche na Dada Mkuu walifunga safari kwenda kumwona ofisa. Hawakufukuzwa. Hilo ndilo Cheche alilolisimulia baadaye kwa mshangao: wangefukuzwa, wangejua la kufanya. Waliletewa viti, wakapewa soda, wakasikilizwa mpaka mwisho. Dada Mkuu alieleza vizuri kuliko wakili. Hawaikatai heshima, alisema, wanaomba tu nafasi zigawanywe, nusu ziwe za watoto wa mtaani, kwa kuwa wazazi wao ndio waliobeba mchanga na maji.

Ofisa alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Ndugu zangu, nawaelewa. Mmefanya kazi nzuri mno. Ndiyo maana ikachaguliwa."

"Basi sisi tumekosea wapi?" Cheche akauliza.

"Hamjakosea, mzee wangu. Nani kasema mmekosea? Ni kwamba mambo haya hupangwa huko juu."

Cheche, bila kukusudia, akatazama juu. Palikuwa na pangaboi likizunguka polepole, na buibui amejenga kwenye shina lake. Walishukuru kwa soda wakaondoka. Walikwenda ofisi nyingine, na nyingine, na kila mahali walipongezwa.

Walipowaita wenzao kushauriana, mambo yalikuwa mengine. Nusu yao walikuwa wamekwisha badilisha picha zao kwenye simu, wameweka geti la shule. Karani wa benki, ambaye hakuwa mtu wa ubaya, aliuliza swali moja. Alisema walitaka shule iwe bora, na imekuwa bora; sasa wanalia nini? Akaongeza kwamba watoto watakaokuja pia ni watoto wa watu. Cheche alilipima neno hilo. Ni kweli walikuwa watoto wa watu. Hakuweza kumchukia mtoto asiyemjua kwa sababu amefaulu. Alikaa pale kama mtu aliyeibiwa na jirani mwenye njaa, asijue ampigie kelele nani.

Jioni moja Dada Mkuu alipitia karakana. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama vyuma.

"Tungefanya vibaya kidogo," akasema.

"Unasemaje?"

"Tungeacha rangi imebanduka mahali fulani. Madawati machache yakayumba. Matokeo yakapanda, lakini si sana. Hakuna mtu angekuja kututazama, tungebaki na shule yetu."

Cheche akacheka, lakini si kwa muda mrefu. Akaokota brashi ya waya akaanza kusugua kutu. Dada Mkuu aliinuka, akajipangusa kutu kwenye gauni, akarudi dukani kwake.

Kitinda alifaulu. Alifaulu vizuri hata mama yake akatembea nyumba kwa nyumba kutangaza. Lakini alama za juu kabisa katika nchi nzima ni jambo jingine, na jina lake lilitoka kwenye shule ya ng'ambo ya barabara kuu. Cheche alijipanga namna ya kumweleza. Alijipanga mchana kutwa, na alipofika nyumbani akakuta mtoto amekwisha jua. Hakulia. Alikuwa anaosha vyombo.

"Baba," alisema, "hao watakaokuja, kuna mtu atawaambia kwamba dirisha la pili ukilisukuma sana linakwama?"

"Mkuu atawaambia, mama."

"Mkuu hajui. Ninajua mimi."

Cheche akaahidi kwamba atamweleza mkuu. Na nafasi ilipatikana, kwani kabla mwaka haujaisha mkuu wa shule alimwita tena. Bweni lilikuwa linahitaji vitanda vya juu na chini, na fundi aliyejulikana pale ni mmoja tu. Yule mama alizungumza akiangalia meza. Alimwambia kwamba ataelewa akikataa.

Cheche alifikiri kukataa. Alifikiri pia kukubali na kuvichomelea vibaya, ili kitanda cha kwanza kikianguka wajue. Lakini juu ya kitanda huwa analala mtoto, na chini yake mwingine. Alivitengeneza kama alivyotengeneza kila kitu, akavipiga msasa pembe zote zisije zikamkwaruza mtu, na mkewe hakuuliza lolote kuhusu sifa. Siku ya kuvipeleka, geti alilolisimamisha mwenyewe lilifunguliwa na mlinzi mgeni, aliyemtaka aandike jina lake na sababu ya kuja.

Siku ya kwanza ya masomo Cheche alimsindikiza binti yake. Waliteremka bondeni, wakapanda, wakafika barabara kuu na kusimama mpaka malori yakatoa nafasi. Sare ya Kitinda ilikuwa kubwa mabegani. Mama yake alinunua ya kukulia. Waliwakuta watoto wengine wa mtaani njiani, wengi, na wazazi wao walimsalimia Cheche kwa adabu, bila kumtazama usoni. Hakujua kama walikuwa wakimlaumu au wakimhurumia, na hakutaka kujua.

Shule mpya ilikuwa imeezekwa upande mmoja tu. Chumba kimoja ndicho kilichokuwa tayari, nacho kilikwisha jaa. Watoto waliochelewa walikuwa wamesimama nje, wakisikiliza kupitia matundu ambayo bado hayajatiwa madirisha. Mwalimu kijana alikuwa akipaza sauti ili wa nje nao wapate.

Kitinda alitazama yote hayo kwa makini, kwa jicho lile la ukaguzi.

"Baba, waliosoma hapa wako wapi?"

"Hakuna, mama. Shule ni mpya. Hakuna aliyewahi kuimaliza."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alionekana kusubiri baba yake aseme jambo lingine, na Cheche alilijua jambo lenyewe. Lilikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi: kwamba Jumamosi ataleta mashine. Lakini Jumamosi ngapi? Na zikishatimia, shule ikipendeza, je, haitachukuliwa nayo? Alimwangalia binti yake, akaona kwamba hata kumdanganya hawezi.

"Nenda, usije ukakosa pa kusimama," alimwambia.

Kitinda akaenda. Alipenya kati ya wenzake, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu kwenye tundu la mwisho, na mfuko wake wa daftari ukabaki ukining'inia mgongoni. Cheche alimtazama mpaka mwalimu alipomgeukia yeye mzazi na kumuuliza kama anahitaji msaada. Akasema hapana, asante.

Aliteremka peke yake mpaka barabarani. Malori yalikuwa yakipita mfululizo, moja nyuma ya jingine, na hapakuwa na mtu wa kuyasimamisha. Akasubiri.