Njia ya King'ora

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Uweso alivuka kichochoro kwenda kwa Suleimani, fomu mkononi, kalamu sikioni. Mara ya kwanza Suleimani alikuwa anakunywa uji. Mara ya pili alikuwa chooni, na alikaa huko muda ambao mtu mzima hakai bila sababu. Sasa alikuwa barazani anachambua mchele wa mkewe, kazi ambayo Uweso hakuwahi kumwona akiifanya katika miaka hamsini ya ujirani.

Fomu ilikuwa ya anwani za makazi. Kila njia ya Ngamiani ilikuwa inapewa jina na kibao, na Leticia, mtendaji wa mtaa, alikuwa ameshaiandika yao kwa penseli: Njia ya Kontena, kwa ajili ya kontena la buluu ambamo Asheri anauza vocha. Uweso akitaka jina jingine, alete sahihi za wakazi watatu wa zamani wanaojua asili yake, kabla ya adhuhuri.

Jina alikuwa nalo. Hapo kwenye kontena ndipo iliposimama nguzo ya king'ora cha kiwanda cha kamba za katani, alikofanya kazi ya ufundi miaka kumi na tisa. Tangu kiwanda kifungwe ameviona vitu vikiondoka kimoja kimoja. Mnara wa maji uliuzwa chuma chakavu, geti likaenda kuwa uzio wa mtu huko Tongoni, ghala likawa maegesho ya malori. Yote ameyaandika kwenye daftari, na tarehe zake. Lakini daftari lina mwisho. Siku akifa, wajukuu watafungia maandazi. Kibao kingebaki ukutani.

Sahihi mbili zilikuwapo, yake na ya Bi Mwatumu wa nyumba ya pili. Wengine wote wamekufa au wamefuata watoto Dar. Amebaki Suleimani, na Suleimani ndiye aliyekuwa akikipiga king'ora chenyewe.

Suleimani akasema king'ora hakikuwa hapo, kilikuwa upande wa reli. Uweso akamsomea daftari. Suleimani akasema daftari halina masikio, lilikisikiaje? Uweso akamshika mkono mpaka nyuma ya kontena, akamwonyesha boliti nne zilizokatwa juu ya zege. Suleimani akaziinamia, akazitazama sana, akasema labda zilishika nguzo ya bendera. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Uweso si mtu wa kupandisha sauti. Alikaa, akavuta pumzi, akaanza upya.

"Suleimani. Kunguru alikunyea kofia chini ya nguzo ile, siku ya mkutano wa wafanyakazi. Nilikupa leso yangu."

"Kunguru wako mji mzima."

Saa tano na nusu Leticia akafika, akawaamkia shikamoo, akauliza kama aende na penseli yake au vipi. Suleimani akauweka ungo chini.

"Mkiandika king'ora, kila mpita njia atauliza king'ora gani, na ataambiwa," alisema. "Na kibao chenyewe mnataka kukipigilia kwenye ukuta wangu."

Hapo ndipo Uweso alipoelewa, na uchovu wa wiki nzima ukamshukia mabegani. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka themanini na tatu. Meneja alikubali king'ora kipigwe Magharibi, mtaa usikie na ufuturu. Siku ya kumi na saba Suleimani aliifuata saa ya kiwanda, nayo ilikuwa inakimbia. Mtaa mzima ukameza tende. Ndipo adhana ikafuata. Baada ya Idi kila mtu aliilipa siku ile. Suleimani aliomba kuhamishiwa stoo, na kwa adabu hakuna aliyemtajia tena. Miaka arobaini na ushee Uweso alidhani hilo limekwisha.

"Kwani ulidhani tumesahau?" Bi Mwatumu alisema kutoka mlangoni kwake. "Adhana ikikawia, kwangu watu huulizana kama Suleimani yuko zamu. Mkwe wangu wa Pangani anajua. Dakika kumi zile, bwana, zinajulikana mpaka ng'ambo."

Leticia akajifunika uso kwa fomu, mabega yakimtikisika. Suleimani akamgeukia Uweso.

"Na wewe ulikula?"

"Tende tatu," Uweso alisema. "Nikalipa siku moja. Sijawahi kukudai, Suleimani. Tia sahihi."

Suleimani akaipokea kalamu. Akaisoma fomu mstari kwa mstari, kidole kikitambaa, mpaka kwenye nafasi ya asili ya jina. Akamrudishia Uweso kalamu bila kusaini.

"Dakika kumi ni uongo. Zilikuwa nne. Aandike humo zilikuwa nne, nitie sahihi."

Leticia akasema fomu haiulizi dakika. Suleimani akasema basi na yeye haulizwi. Msikitini kipaza sauti kilikuwa kimeshaanza kukoroma.

Uweso akafungua daftari lake, kwenye ukurasa wa Ramadhani ile. Lilisema sita, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akalifunga, akaishika kalamu, akaandika kwenye fomu, taratibu, kwa herufi zinazosomeka: dakika nne.

"Haya," alisema. "Hapa chini. Jina kamili."