Mjane wa Aldermere

Tangu asubuhi moyo wa Gaudiose haukutulia. Shemeji yake Anicet alikuwa amepiga simu kutoka Jordbro, kitongoji kingine cha jiji: baada ya ibada angepita kwao Hallunda wamalize yale mambo ya shamba la nyumbani. Anicet hakuwahi kumgusa yeye. Lakini aliwahi kumpiga marehemu mumewe Ludovic, ndugu yake wa tumbo moja, mbele ya watu mpaka akazirai.

Mezani, bintiye Inès alikuwa akijiandaa kwa somo la historia. Kesho angewaeleza wenzake habari za Aldermere, jumba la kale la Uingereza, na mashamba yake.

"Kwanza lilikuwa la mfalme," alisema, nusu Kiswahili nusu Kiswidi. "Akampa askari wake. Askari akafa vitani. Ndugu wa marehemu akaja na watu wenye panga, akamwambia mjane atoke."

"Akatoka?"

"Alikataa, akaenda kwa hakimu wa mfalme. Sheria ilimpa mjane theluthi ya ardhi mpaka afe. Baadaye likawa la watawa, mfalme mwingine akawanyang'anya, akaliuza kwa mfanyabiashara wa sufu. Siku hizi ni hoteli."

"Na huyo mjane, hakuogopa?"

Inès akainua mabega. "Haijaandikwa, Mamma."

Kengele ikalia.

Anicet aliingia bila kuvua viatu. Simu ilikuwa mkononi, na mnunuzi alikuwa akisubiri upande wa pili, kule nyumbani Rumonge.

"Shemeji, mwambie huyu mzee umekubali. Neno moja tu. Ile michikichi ni ya baba yetu. Wewe uko Ulaya, una haja nayo gani?"

Gaudiose aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema, sauti ikimkatika, "mimi ni mke wa marehemu Ludovic. Shamba lake siuzi. Atakayekuuzia, anakuuzia kesi."

"Nimesikia, mama," mnunuzi akajibu. "Sikuambiwa kuna mjane." Akakata.

Anicet akamsogelea mpaka Gaudiose akasikia harufu ya sigara kwenye koti lake. "Utajuta."

"Nitaita polisi," Inès akasema kwa Kiswidi, taratibu.

Anicet akacheka, lakini akatoka.

Gaudiose alifunga mlango, akaketi pale pale sakafuni. Shamba halikuuzwa mwaka ule wala uliofuata. Lakini kwa miezi mingi, kila lifti iliposimama kwenye ghorofa yao, aliacha alichokuwa akifanya, asikilize ni nani anayeshuka.