Timu ya Bachir

...na Benilde ndiye aliyeniambia kwanza, si mtu wa serikali wala ndugu wa mume, Benilde jirani yetu, Mmakonde wa Mueda, Jumanne ile asubuhi nilipokwenda kwake kuomba chumvi, akanivuta nyuma ya jiko akasema Armando amerudi, mume wake, amerudi kwa miguu kutoka Mucojo walikokwenda pamoja kutafuta riziki, na Bachir wangu hakurudi naye, homa ilimshika porini siku ya tatu ya kuwakimbia wapiganaji, Armando akamzika peke yake kwa kipande cha sufuria, na kwa kuwa ni Mkristo akamlaza uso uelekee baharini, alidhani ndiko tunakoswalia kwa sababu sisi ni watu wa pwani, kumbe kibla ni kaskazini, mume wangu amelala anaangalia maji, na mimi nikarudi nyumbani na chumvi mkononi, nikapika... leo Jumapili, siku ya ishirini, na ninasaga msiro, ninazungusha kijiti juu ya jiwe na maji kidogo mpaka utoke uji mweupe wa kupaka usoni, mjane hapaki msiro, mjane anakaa ndani, eda yake miezi minne na siku kumi, na zangu ishirini zimeshapita nikiwa nimejipamba, lakini nikiacha, mama mkwe atajua, macho yake hayaoni sawasawa ila kila asubuhi ananishika shavu kwa vidole, atasema mbona pakavu, na hapo nitamjibu nini... anasema kitu, mama mkwe wangu huyo, bi Zuleica, amekaa kwenye mkeka na mtoto wangu mapajani, anataka nimsimulie tena njia yao, zile timu mbili, mpaka zikafika fainali ya leo ya Kombe la Afrika, ameshaisikia mara nne tangu Alhamisi hii iliyopita, na mimi ndiye msomaji wa nyumba hii, darasa la saba, mimi ndiye ninayemsomea simu, akitaka kujua Mambas wetu, timu ya taifa, wamefanya nini namsomea, sare na Misri, wakafungwa na Cabo Verde, sare na Gana, wakarudi nyumbani, na akitaka kujua Bachir amepiga namwambia rede hakuna, mama, simu hazishiki, Mucojo hakuna rede... basi ninaanza na Nigeria, sauti yangu ndogo kama kawaida, nasema walianza kwa sare, kisha wakawafunga Kodivaa moja, wakawafunga Bisau moja, Kameruni mbili, Angola moja, Afrika Kusini kwa penalti, na mama anacheka kwamba hao wanatembea kama bibi harusi wa Palma, hata vumbi halijawagusa, hawataki hao, anataka wa kwake, na kijiti kinazunguka, nasema Kodivaa, mama, walishinda mechi ya kwanza tu, wakafungwa na hao hao Nigeria, wakafungwa nne na Gine ya Ikweta, kwao wenyewe, mbele ya watu wao, nne... usiku ule ule wa Jumatatu, mimi nilikuwa nimelala sijui lolote, kesho yake nikaenda kuomba chumvi... wakamfukuza kocha, nasema, wakakaa kungoja wengine wacheze, watu wameshawahesabu wamekufa, mpaka Moroko alipomfunga Zambia, ndipo wakapata nafasi ya mwisho, na mama anasema huyo Moroko akipita hapa Olumbi tutampikia pweza. Na mimi ndiye niliyeanza, hakuna mwingine, Alhamisi ile ya kwanza, siku mbili baada ya chumvi ya Benilde, nilikuwa nimekaa mbele yake kumwambia, nimeshafungua mdomo, naye akaniwahi, akauliza simu inasema nini leo, akauliza kama mtu yeyote tu, si kama mama wa marehemu, nikasoma habari ya Kodivaa, na mdomo ule uliofunguliwa kwa jambo lingine ukasema, mama, hata hawa walishazikwa, tazama wametoka, na akacheka, tangu Bachir aondoke Desemba alikuwa hajacheka, akasema basi hiyo ndiyo timu ya Bachir, wao wakifika na yeye anafika. Nilipaswa kusema palepale hapana. Nilicheka naye... kisha Senegali wakatolewa kwa penalti, na mama akafua kanzu ya Bachir, kisha Mali, nasema, walicheza kumi baada ya mmoja kutolewa, wakasawazisha mwisho kabisa, wakafunga tena dakika za nyongeza zinakwisha, na mama anasema kumi si wachache, hata nyumba yetu mmoja hayupo na kazi inakwenda, ananigonga bega, na mtoto anacheka kwa sababu bibi yake anacheka, na msiro umeshakuwa mzito lakini siachi kuzungusha, nasema Kongo moja bila, na leo fainali, na hao hao Nigeria, na mama anasema kitu taratibu, nasikia Awasse, nasema abee mama, anarudia.

"Wakishinda, kesho napanda gari kwenda Awasse. Atapitia pale njia panda, mwanangu. Nataka anikute nimekaa."

Awasse, mtu asiyeona vizuri, njia ile yenye vizuizi na askari wanaouliza hati, hati yake iliungua na nyumba yetu ya Mocímboa, kabla hatujakimbilia huku, akae njia panda kwenye jua akishika mashavu ya wanaume wanaoshuka garini, huyu siye, huyu siye, siku moja, siku mbili, na hatarudi bila yeye, namjua... basi Nigeria washinde, nasema moyoni, eeh Mola wafunge hata moja tu, kwa penalti, kwa mkono, vyovyote, mama akate tamaa mwenyewe, anyamaze mwenyewe, aelewe mwenyewe, na mimi nisiseme neno... na kijiti kinasimama. Nimesikia nilichoomba. Nimeomba wavulana kumi na mmoja wa Nigeria waje Olumbi wamwambie mama kwamba mtoto wake amekufa, kwa sababu mimi naona haya, watu wanasema Ancha ana haya, mtoto mzuri, mpole, hapazi sauti, na mimi nimejificha humo kwenye sifa, haya gani hii inayomfulia marehemu kanzu, na wakishindwa je, nao pia hawatakuwa wamemwambia, atasubiri mashindano mengine, mpira hauna cha kusema juu ya Bachir, haujawahi kuwa nacho, ni mdomo wangu, mmoja... mama anauliza, jiwe limekauka? Nasema hapana mama, namwaga maji kidogo, anasema ongeza, kesho upendeze, mtoto amelala mapajani mwake, na Benilde kule anafagia ua wake bila kunitazama.

Asubuhi yake nilimkuta ameshafunga furushi. Simu sikuwa nimeiwasha, na kabla hajauliza nani ameshinda nilikaa chini mbele yake, nikamshika miguu yote miwili, nikasema, "Mama, Bachir amefariki. Nimejua siku ishirini na moja." Kisha nikamwita Armando, niliyekuwa nimemwomba angoje mlangoni, aingie, nikakaa palepale mpaka alipomaliza kusema.