Mashine Tatu na Makunyanzi ya Mkunga

Kwenye studio ya picha ya Shangazi, juu ya kisanduku cha wateja kujihudumia na kujichapia picha zao, palibandikwa karatasi yenye herufi kubwa: TAFADHALI USICHEKE. Wageni walidhani ni mambo ya adabu. Kumbe mashine ilikuwa mgonjwa. Mtu akichomeka flashi yenye picha aliyopigwa akiwa amecheka, kisanduku kilimtolea kopi yenye meno meusi tititi, kana kwamba ametoka kutafuna makaa. Kila kilichokuwa cheupe au chenye kung'aa kiligeuka kiza. Bwana mmoja mwenye upara alipokea picha inayoonyesha utosi wake umetobolewa shimo, akaondoka bila kuaga, na nusu ya mtaa ikaambiwa studio ile ina mashetani.

Shangazi hakuamini mashetani. Aliamini makofi. Mashine ikigoma aliipiga ubavuni, na ikiendelea kugoma aliipiga ubavu wa pili ili haki itendeke. Makofi yaliposhindwa, akampigia simu binti wa kaka yake, ambaye alikuwa amesomea mambo ya kompyuta na kampuni aliyoajiriwa ilikuwa imefunga milango.

"Njoo unisaidie," alimwambia. "Unakaa tu nyumbani unamkodolea macho baba yako, na baba yako mwenyewe si wa kutazamwa sana."

Binti akaja. Siku hiyo hiyo Shangazi akamwita Mtaalamu, mara kwa heshima, mara kwa kejeli, kulingana na hali ya biashara.

Mashine zilikuwa tatu, kila moja na jina lake. Pale kaunta alikaa Nundu, kompyuta ya zamani yenye skrini iliyovimba mgongo, ikivuma kama mtu mwenye mafua. Chumba cha nyuma, karibu na pazia la kupigia picha, alikaa Sultani, mpya, mweusi, aliyefunikwa kitambaa cha kufumwa ili vumbi lisimdharau. Na ndani ya kile kisanduku cha wateja aliishi Kidagaa, kikompyuta kisichozidi kiganja cha mkono. Picha ile ile ikipita kwa Sultani ilitoka kali, ikipita kwa Nundu ilitoka laini kama siagi, na ikipita kwa Kidagaa ilitoka haina meno.

Mtaalamu alizikagua asubuhi nzima, kisha akainua kichwa.

"Shangazi, tatizo liko kwenye maktaba."

"Maktaba gani? Humu ndani hamna hata kitabu cha sala."

"Maktaba ya programu. Ni kifurushi cha maelekezo ya kubana picha. Kamera inatoa picha kubwa kama godoro, maktaba inalikunja godoro liingie kwenye mkoba."

"Basi likunjwe, sasa shida nini?"

"Linakunjwa. Ila kila mashine ina mikono yake. Kabla ya kuiweka maktaba, lazima uiambie ukweli kuhusu mashine: ina kumbukumbu kiasi gani, inahesabu vipi, diski yake ikoje. Ukiidanganya, inakunja na vidole vyako. Nani aliziweka hizi?"

Shangazi akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi. Aliyeziweka alikuwa mkwewe, mume wa binti yake, ambaye sasa aliuza vifaa vya bafuni mji mwingine. Na Shangazi alikuwa na msimamo kwamba mkwe hakosolewi.

"Aliziweka kwa moyo mweupe," alisema.

"Moyo mweupe, meno meusi. Shangazi, huyu alijibu maswali ya Sultani, kisha akayanakili majibu yale yale kwa Kidagaa. Ni sawa na mwanafunzi aliyeibia mtihani wa jirani mpaka akanakili na jina. Sultani akishika namba kubwa sana, anaisoma kuwa iko chini ya sifuri, kisha anajua kuirudisha juu. Kidagaa hana mchezo huo, kwake yote ni sifuri kwenda juu. Sasa weupe ni namba kubwa. Maktaba ikidhani iko kwa Sultani inapiga hesabu za Sultani, weupe unaangukia chini ya sifuri, na kwa Kidagaa chini ya sifuri ni giza tu."

"Kwa hiyo meno ya watu yamezama chini ya sifuri."

"Ndiyo hivyo."

"Makubwa haya," alisema Shangazi, akaenda kuchemsha chai.

Mtaalamu akaanza kazi. Kwa Kidagaa alifungua faili la mipangilio, akarekebisha lile jibu la namba. Kisha akaiambia maktaba kwamba kumbukumbu ya humu ni finyu kama chumba cha kupanga, hivyo picha kubwa isitandazwe yote kwa pamoja, sehemu nyingine isubiri kwenye diski. Akaijenga maktaba upya, akiketi kwenye kigoda huku mistari ikikimbia kwenye skrini ndogo, naye akiguna kila ilipokwama. Ilipokamilika alichomeka picha ya Shangazi akiwa anacheka harusini kwa mtu. Yakatoka meno. Yakatoka yote, pamoja na lile la pembeni lililokanyaga mwenzake.

Shangazi akaing'oa karatasi ya ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Chekeni sasa!" aliwatangazia wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa amekuja kuchapisha picha ya tangazo la msiba.

Nundu alikuwa na kisa kingine. Diski yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo mkwe alikuwa ameamuru picha zibanwe mpaka zilie, na ili vile vigae, miraba midogo inayotokea picha ikibanwa mno, visionekane, akaongeza ulainishaji hadi mwisho. Kila uso uliopita kwa Nundu ulipigwa pasi. Mtaalamu akamwekea diski kubwa zaidi, akauondoa ulainishaji, akapandisha ubora. Kisha akapitisha picha moja ya kikapu cha pilipili kwenye mashine zote tatu, akazipanga kopi mezani. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Mtaalamu alizitazama kwa furaha ya mama wa mapacha watatu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka alipoingia Mkunga.

Mkunga alikuwa amestaafu wodi ya wazazi lakini sauti yake ilikuwa bado kazini. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na hakumwacha mtu asahau. Akimuona Mtaalamu alikuwa akisema mbele za watu, "Huyu mimi nilimshika miguu kabla mama yake hajajua ana miguu." Mjane wa miaka mingi, sasa alikuwa anaolewa na dereva wa lori aliyestaafu pia, na alitaka picha ya kadi za mwaliko. Shangazi alimpiga, Nundu akaitoa.

Mkunga aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mmenipiga mimi," aliuliza polepole, "au mmemfukua marehemu bibi yangu?"

"Ni wewe, mama," alisema Mtaalamu. "Zamani mashine hii ilikuwa inafuta..."

"Zamani mashine hii ilikuwa na adabu! Ile picha yangu ya mwaka juzi, iliyotoka hapa hapa, nimeiweka sebuleni, kila mgeni anaiuliza. Na hii nini? Haya nini haya, mifereji?"

"Ni makunyanzi."

"Nayajua makunyanzi! Nimeyapokea mengi, watoto wanazaliwa nayo. Ila wao yanaisha."

Mtaalamu, kwa ubishi wa mtu aliyemaliza kazi ngumu, akasema kwamba mashine sasa inasema ukweli, na waliosema mficha uchi hazai hawakukosea.

"Wewe!" Mkunga alimwelekezea kidole. "Methali hiyo ni yangu mimi, ya chumba cha kujifungulia. Usinirudishie kwenye kadi ya harusi. Mashine ilikuwa mbovu? Basi rudisheni ubovu!"

Mtaalamu akamtazama Shangazi kuomba msaada. Shangazi akamtazama mteja.

"Mrudishie," alisema.

Iliuma. Mtaalamu alirudi kwa Nundu kama anayekwenda kubomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe, akapandisha ulainishaji mpaka mwisho, akashusha ubora, akaipitisha picha ya Mkunga. Makunyanzi yakayeyuka. Kidevu cha pili kikajiunga na cha kwanza. Mkunga akabusu karatasi, akasema Mtaalamu ana akili, akaondoka akitembea kama msichana.

Siku chache baadaye akaja Dereva, bwana harusi mwenyewe, mtu mrefu wa maneno machache, na kwa kuwa Nundu alikuwa na foleni, Shangazi akamtolea picha kwa Sultani. Sultani hakumfichia kitu. Ungeweza kuhesabu barabara zote alizopita kwenye paji lake, na mashimo yake. Shangazi, akiwa na haraka, akaziunganisha picha mbili kwenye kadi moja, akachapa, na mwisho wa wiki kadi zilikuwa mikononi mwa watu.

Asubuhi ya Jumatatu mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alitangulia Mkunga na kadi, Dereva akafuata na kofia mkononi.

"Itazameni!" Mkunga aliitupa kadi kaunta. "Itazameni, halafu mniambie huyu ni mume wangu au babu yangu!"

Wakaitazama. Kushoto binti laini kama yai, anayekaribia pengine miaka thelathini. Kulia mzee aliyechongwa kwa shoka.

"Dada yangu kanipigia simu," Mkunga aliendelea, "analia. Anasema, 'Mwaliko nimeupata, lakini bibi harusi ni nani? Kumbe una binti uliyetuficha?' Na wewe hapa, waambie, waambie ulichoulizwa!"

Dereva akakohoa. "Rafiki yangu ameuliza nimemtoa shule gani."

Shangazi aliinama chini ya kaunta ghafla, kama aliyeangusha kitu. Mabega yake yakawa yanatikisika. Mtaalamu aling'ata kalamu.

"Mnacheka! Sawa, chekeni. Halafu mlainisheni na yeye, tulingane."

Hilo lilikuwa rahisi. Mtaalamu akaileta picha ya Dereva kwa Nundu, akaipitisha kwenye ulainishaji ule ule. Karatasi ikatoka, Mkunga akaipokea. Masharubu ya Dereva yalikuwa yamegeuka wingu. Kidevu kilikuwa kitupu, kama cha mtu ambaye maisha hayajamgusa.

"Mshono wangu uko wapi?" Mkunga aliuliza.

"Mshono gani?"

"Hapa!" Akamshika Dereva kidevu mbele ya watu wote, akamgeuzia kwenye mwanga. Palikuwa na kovu jembamba lililonyooka. "Aliletwa usiku wa zamu yangu, kidevu kimepasuliwa na kioo cha lori, daktari hayupo. Nikamshona kwa mkono huu. Alinitukana kuanzia sindano ya kwanza mpaka ya mwisho. Kesho yake akarudi kuomba radhi na mkungu wa ndizi. Hamuwezi kukuta mshono mwingine ulionyooka hivi, na nyinyi mmeufuta!"

"Mimi sikufuta, mama. Ni ulainishaji. Haujui lipi kovu, lipi kunyanzi. Kwake yote ni mistari."

"Basi fanya ujue."

"Siwezi. Unaufuta mstari mwembamba au unauacha." Kisha akaona mwanya, akauingia kwa upole kuliko siku ile ya methali. "Kaeni pamoja niwapige picha moja. Picha moja ina mpangilio mmoja. Ninyi mtaniambia ulainishaji uishie wapi."

Wakakalishwa nyuma ya pazia, Mkunga akaegemea bega la Dereva kwa nguvu hadi kiti kikalia. Picha ikaletwa kwenye skrini ya Nundu, nao wakasimama nyuma ya Mtaalamu, mmoja kila bega.

"Anza mwisho kabisa," aliamuru Mkunga.

Wakatokea mayai mawili. Dereva akasema, "Hapana."

"Shusha kidogo."

Masharubu yakaanza kurudi.

"Shusha."

"Hapo mimi nishaanza kuharibika," Mkunga alilalamika. "Panda."

"Kovu halijaonekana," alisema Dereva.

"Najua halijaonekana! Shusha tena. Taratibu, unashusha kama unamwaga mchanga."

Walipanda na kushuka mpaka chai ya Shangazi ikapoa. Hatimaye ule mstari mwembamba ukajitokeza kidevuni, umenyooka kweli, na wakati huo huo yakajitokeza yote mengine: mifereji ya Mkunga, mashimo ya Dereva, kidevu cha pili. Mkunga aliinama karibu na skrini, pumzi yake ikitia ukungu kwenye kioo.

"Kaka wa marehemu mume wangu atakuja na miwani yake, ataiona mifereji yote," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akanyooka. "Acha hapo hapo. Lakini hiki kidevu cha pili kipunguze."

"Hiyo si kubana picha, mama. Hiyo ni upasuaji."

"Basi chapa, kabla sijabadili mawazo."

Kadi mpya zikachapwa, na harusi ikafungwa bila mtu kuuliza bibi harusi ni nani.

Lakini habari ya mashine inayopunguza umri ilikuwa imeshasambaa. Wateja waliingia wakiinamia kaunta na kunong'ona, "Nataka ile ya Mkunga, ya mwanzo." Mtaalamu aliwakatalia wawili, akagombana na wa tatu, kwa wa nne akachoka. Alichoshindwa kukubali ni kwamba Nundu peke yake ndiye aliyejua kulainisha. Kwa hiyo akafungua tena mafaili ya mashine zote tatu. Kila moja akaipa mpangilio wa ukweli na mpangilio wa laini, kila moja kwa namba na kumbukumbu zake yenyewe, akazijenga upya, akaipitisha tena picha ya kikapu cha pilipili. Zikatoka kopi sita, tatu kali na tatu laini. Akazikagua kwa kioo cha kukuzia hadi macho yakamuwasha.

Shangazi akaja kusimama nyuma yake. "Kwa hiyo sasa zote tatu zinadanganya sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Hata Kidagaa."

"Hapo umefanya kazi, mwanangu." Shangazi akavuta kiti, akakaa, akajipangusa uso na upindo wa khanga. "Niitie mkwe kwenye simu. Nataka nimwambie mwenyewe yale meno meusi yalitoka wapi, taratibu, bila kumkosoa."